Silva Inayokula Barafu

Wanangu, aibu kwanza, mengine baadaye. Mimi mnayeniita Mzee Barafu, niliyeuza barafu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba mpaka mgongo ukagoma, niliingia duka la sonara mjini, nikaweka barafu juu ya silva yake, barafu ikayeyuka palepale. Nikamwambia mbele ya wateja, "Bwana, silva yako mbovu." Nikatoka kifua mbele. Nikaenda kununua chuma.

Chekeni sasa hivi mmalize, maana huko mbele pana sehemu nataka mnisikilize.

Nyie vijana mnaofanya kazi na barafu siku hizi mnaletewa imeshasagwa, inatoka kwenye mashine kama unga wa sembe, mnachota kwa koleo, mnajaza makasha ya faiba, mnarudi kwenye simu zenu. Sisi tulikuwa tunapokea mabonge. Bonge moja ukilibeba begani, sikio la upande huo halisikii mpaka kesho yake. Tunalitia kwenye gunia, tunaliponda kwa nyundo ya mti, halafu tunapanga kwenye makasha ya boti zinazoenda visiwani kuchukua sangara. Na muda wote huo jua liko hapo juu linakusubiri ukosee.

Aliyenifundisha ni Mzee Bulugu, Mungu amrehemu, Msukuma mrefu asiyecheka. Siku yangu ya kwanza alinipa baiskeli na bonge zima, akasema peleka Pasiansi, kuna sherehe ya harusi. Nikalifunga kwa kamba likiwa uchi kabisa, nikapanda baiskeli. Njiani nikakutana na rafiki, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Nafika Pasiansi suruali yote imelowa nyuma, watu wananiangalia vibaya, na kwenye kamba pamebaki kitu kama kipande cha sabuni. Wakanirudisha nacho. Mzee Bulugu akakiangalia kile kipande, akaniangalia mimi, akasema, "Umeleta barafu, au umeleta habari za barafu?"

Kuanzia siku hiyo akanifundisha. Pumba za mpunga chini, pumba pembeni, gunia juu. Maji yanayotiririka yatoe, maana maji ya barafu ndiyo yanayokula barafu. Kifuniko usikifungue kwa sababu tu umemiss kuona. Na kabla hujakubali kasha jipya, weka kipande cha barafu ndani, chini kabisa, ukae pembeni uangalie. Kama barafu imekaa kama mgeni aliyepewa kiti, hilo kasha zuri. Kama barafu inaondoka mbio, hilo kasha mwizi, mrudishie mwenyewe. "Kitu kinachokula barafu," alikuwa anasema, "usikiingize nyumbani kwako."

Hayo maneno niliyashika kama Baba Yetu. Na ndiyo yaliyonimaliza.

Sasa silva imeingiaje? Imeingia kwa mke wangu, Mama Neema. Ni Mhaya wa Kagera, mtoto wa mkulima wa kahawa. Kwao watu wamesoma, yeye akaja kuangukia kwa muuza barafu aliyeachia darasa la tano. Tulifunga ndoa kanisani tukiwa tayari na Neema mgongoni, na pete hatukuwa nazo. Masanja, rafiki yangu, fundi wa mashine za boti, ndiye aliyetusimamia yeye na mke wake. Wakavua pete zao, tukavishana hizo mbele ya padri. Vizuri. Ila jioni ukumbini, keki haijakatwa, mke wa Masanja akaja kwa mke wangu, akainama kama anataka kumnong'oneza pongezi, akasema, "Dada, ile pete. Nisije nikasahau."

Mama Neema akaivua. Akacheka. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake na nikaona lile cheko lilivyokuwa.

Tangu hapo tukasema tutanunua. Mwanzoni ikawa hela, halafu watoto, halafu tukazoea. Mimi mwenyewe nilikuwa na kisingizio cha kazi: mtu wa barafu havai pete. Vidole vinasinyaa kwa baridi, pete inachomoka, unakuja kuambiwa imekutwa tumboni mwa sangara wa mtu. Nilikuwa narudi nyumbani mikono imekufa ganzi, siwezi hata kufungua kifungo cha shati. Mama Neema anaacha sufuria jikoni, ananikalisha, anaishika mikono yangu yote miwili katikati ya mikono yake mpaka vidole vinaanza kuuma. Maana ganzi ikitoka ndo maumivu yanaanza. Mimi nalalamika, yeye hajali. "Kaa hapo, ukiuma umepona." Kila siku hivyo, wanangu. Kila siku.

Basi ikafika mwaka wa jubilei yetu, ile ya miaka ishirini na mitano, ya fedha. Parokiani wakatangaza misa ya wanandoa, pete zitabarikiwa. Neema akamuuliza mama yake anataka zawadi gani, kitenge, friji, nini. Mama Neema akasema, "Nataka pete ya silva. Ya kweli. Na safari hii isirudishwe."

Mimi uji ukanipalia.

Nikachukua hela niliyopata nilipouza makasha yangu ya kazi, nikaenda kwa Masanja. Nikamwambia nataka kununua silva yenyewe, kipande, halafu nimpe sonara atengeneze pete mbili, yangu na ya mama. Nilikuwa nimesikia watu wanauziwa pete za bati lililopakwa rangi. Nilitaka nione kipande kwa macho yangu.

"Utajuaje ni silva?" Masanja akauliza.

"Ndo nimekuja kukuuliza."

Akakuna kidevu kwa bisibisi. "Kuna abiria mmoja alisema kwenye boti, silva inapimwa kwa barafu."

"Kwa nini?"

"Kwa barafu. Unaweka barafu juu yake, unaangalia."

"Unaangalia nini?"

"Sasa hapo mashine ikawaka, sikusikia mwisho. Lakini wewe si ndo mwenyewe? Kwenye barafu nani akufundishe?"

Hilo ni kweli, nikasema. Mungu ananipenda. Vitu vyote duniani, silva ipimwe kwa barafu! Kama ingekuwa inapimwa kwa hesabu ningebaki nyumbani.

Kesho yake nikavaa shati la kanisani, nikatia barafu kwenye chupa ya chai, nikashuka mjini Nyamagana. Sonara anaitwa Fundi Kassim, mtu wa makamo, miwani imemkaa puani kama imesahauliwa.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Nataka silva, kipande."

Akatoa kipande kidogo, kirefu kama nusu kidole, cheupe, cheupe kweli. Bei yake anaitaja kwa gramu. Mimi nimezoea kilo, nikamuuliza kilo ni shilingi ngapi, akavua miwani kama mtu aliyetajiwa msiba, akasema, "Tuendelee na gramu, mzee."

Nikafungua chupa ya chai. Mama mmoja aliyekuwa anachagua hereni za mtoto akajua namimina chai, akasogeza mkoba wake. Nikatoa kipande cha barafu, nikakiweka juu ya ile silva.

Fundi Kassim akafurahi. "Aa, mzee unajua mambo!"

"Barafu ni kazi yangu."

Wanangu, ile barafu haikukaa. Ilianza kuteleza, ikatoa maji chini, ikazama kama siagi kwenye kikaango. Sijawahi kuona kitu kinakula barafu namna ile. Hata bati la juani halina tabia hiyo.

"Umeona?" Kassim anatabasamu.

"Nimeona."

"Umeridhika?"

"Nimeridhika kabisa."

"Kwa hiyo nikupimie?"

"Unipimie nini? Kaa nacho mwenyewe. Silva yako mbovu, bwana, inakula barafu!"

Akacheka, akajua natania. Na mimi nikacheka, maana nilijua amekamatwa anajichekesha. Tukacheka wote wawili, yule mama wa hereni naye akacheka, hakuna hata mmoja anayejua mwenzake anacheka nini. Nikafunga chupa yangu, nikatoka. Nasikia nyuma Kassim ananiita, "Mzee! Mzee wangu! Sasa ulitaka ifanyeje?" Sikugeuka. Nikasema moyoni, Mzee Bulugu angekuwepo angenipa mkono.

Kule Kirumba nikaulizia ulizia, nikapelekwa kwa jamaa mmoja mwenye kitu amekifunga kwenye kitambaa cheusi. Anasema silva imetoka Congo. Kipande kinene, kizito, kinang'aa kuliko cha Kassim. Nikatoa sumaku niliyoazima kwa Masanja, haikushika. Nikatoa chupa ya chai.

"Hiyo ya nini, mzee?"

"Naipima kwa barafu."

Jamaa akatazama kushoto na kulia. "Barafu inatakiwa ifanyeje?"

"Itulie. Isiyeyuke ovyo."

"Aa! Hii haiyeyushi, mzee. Hii hata ukiiwekea wiki."

Nikaweka. Ikatulia. Ikatoka jasho kidogo tu pembeni, lakini ilikaa, ilikaa kama mgeni aliyepewa kiti. Moyo wangu ukajaa. Yule jamaa mwenyewe alikuwa anaitazama kwa mshangao, kama mtu aliyegundua mbuzi wake anaweza kusoma. Na uzuri ni kwamba alikubali tupime kwa mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza. Nikaona nimepata silva kwa bei ya jirani, nusu ya ile ya gramu za Kassim. Sehemu kubwa ya hela ya makasha ikaishia hapo.

Msiniulize kwa nini nilirudi kwa Kassim. Nilirudi kwa kiburi. Sonara mwingine nilikuwa simjui, na nilitaka naye aone kitu kizuri kinafananaje. Nikamwekea mezani, nikamwambia, "Fundi, yaliyopita yamepita. Nitengenezee pete mbili."

Akakishika, akakipima mkononi, akaniangalia juu ya miwani. "Mzee, umekipata wapi?"

"Wewe yeyusha."

Akakitia kwenye kikombe chake cha udongo, akawasha gesi. Moto wa bluu unavuma. Kipande kikawa chekundu. Kikaendelea kuwa chekundu. Kassim anafuta jasho, kipande kiko palepale, hata kona haijalegea.

"Unaona?" nikamwambia. "Kitu imara hicho! Hakiyeyushi barafu, na chenyewe hakiyeyuki!"

Kassim akazima gesi. Akavuta kigoda. "Mzee wangu, kaa."

Nikakaa. Nikajua kuna kitu kimekufa, sijajua nini.

Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Silva, akasema, inapitisha joto haraka kuliko chuma kingine chochote anachokijua. Joto la meza, la hewa, la mkono wako, lote linapita ndani yake linakwenda kwenye barafu. Haibani kitu. Kwa hiyo ikiyeyusha barafu mbio, hiyo ndiyo dalili njema. Hiki changu joto lake kinalikalia. Ni chuma kisichoshika kutu.

"Ngoja," nikasema. "Kwa hiyo inayeyusha kwa wema?"

"Unaweza kusema hivyo."

"Na hiki ambacho barafu imekaa vizuri ndicho kibaya?"

"Kwa kutunza samaki ni kizuri kuliko silva. Kwa pete ya silva, hapana."

Nikakaa pale nakuna kichwa. Nilikuwa naelewa neno moja moja, yakikutana sielewi. Maisha yangu yote kinachoyeyusha ni mwizi. Sasa naambiwa mwizi ndo mtakatifu. Somo la joto, wanangu, lilikuwa linafundishwa darasa la sita. Mimi niliishia la tano, mpaka kwenye kanuni za bustani.

Nikampelekea Masanja. Akakigeuza mara moja tu. "Barafu, hii ni shafti ya mashine ya boti, ile inayozungusha propela. Ona, hapa pamekatwa kwa msumeno. Hapa palikuwa na tundu la pini."

"Na uliniambia kwa barafu!"

"Nilikuambia mwisho sikuusikia!"

Usiku huo nilimwambia Mama Neema. Sikuzunguka sana, maana ningezunguka angejua. Nikaiweka ile shafti mezani, pembeni ya bakuli la maharage, nikamsimulia kuanzia chupa ya chai. Nilidhani atacheka, maana mimi nikisimulia watu hucheka. Hakucheka. Akaishika, akaitazama, akairudisha. Akauliza, "Imebaki shilingi ngapi?"

Nikamwambia.

"Misa ni Jumapili ya wiki ijayo."

"Naweza kuongea na Masanja, mke wake anaweza akatu..."

"Baba Neema." Akaniangalia. "Pete ya kurudisha sivai."

Akaondoa vyombo. Nikabaki na shafti yangu.

Asubuhi akavaa viatu vya kutokea, akasema twende kwa huyo Kassim. Nikatia barafu kwenye chupa. Akaniuliza ya nini, nikamwambia sijui, nikiingia kule bila barafu najiona kama niko uchi. Kassim alitupokea vizuri, hakunikumbusha kitu, Mungu ambariki. Akapima hela yetu kwa gramu zake. Ikatosha silva ya pete moja, nyembamba. Moja tu.

"Pima," Mama Neema akaniambia.

"Pima wewe. Mimi nimeshafeli."

Akachukua kile kipande kidogo, akakiweka kwenye kiganja chake, juu yake nikaweka barafu. Ikaondoka. Maji yakajaa kwenye kiganja, yakapita katikati ya vidole, yakadondoka kwenye kioo cha Kassim. Yeye anaangalia, mimi naangalia. Nikajikuta kwa mara ya kwanza naiangalia barafu inaisha na sitaki kuizuia. Sijui niwaelezeeje. Mtu aliyekaa maisha yake yote anapigana na kuyeyuka, halafu anasimama dukani anasema yeyuka, mama, yeyuka tu.

"Ni yenyewe," nikasema.

"Ni yenyewe," akasema, na hapo ndo akacheka. Akacheka mpaka akashika meza. "Shafti, Baba Neema! Shafti ya boti!"

Kwa hiyo vijana, ukitaka kupima kitu, kwanza uliza jibu zuri ni lipi. Mimi nilikuwa na kipimo sahihi, na barafu safi, na macho mawili, nikasoma jibu kwa nyuma. Na usimwambie muuzaji unachotaka kuona, maana atakionyesha.

Pete yangu? Masanja aliipeleka ile shafti kwa fundi wa kukereza vyuma, ikakatwa, ikatobolewa, ikasuguliwa. Jumapili ile, wasimamizi wetu walikuwa walewale. Masanja ndiye aliyeshika kisahani cha pete. Padri alipoinua yangu mkono wake ukashuka kidogo kwa uzito, akaniangalia, nikaangalia juu kwenye dari kama mtu anayesali. Mama Neema nilimvisha ya kwake. Haikukwama. Jioni ukumbini mke wa Masanja alimsogelea, akainama, na mimi roho ikaruka. Kumbe anataka kuiona kwa karibu. Mama Neema akamwonyesha, ila kidoleni, hakuivua.

Baadaye nikakaa na Masanja nje, tuna soda mkononi. Nikawa nalalamika, nimezoea kulalamika. Nikasema watu wote mle ndani wamevaa pete za kufanana, mimi peke yangu nimevaa kipuri. Masanja akanywa soda yake.

"Barafu," akasema, "huyo mama miaka ishirini na mitano kila jioni unamrudia umeganda, kila jioni anakuyeyusha. Sasa hiyo silva ulitaka kuivaa wewe kwa kazi gani?"